Bibi Shamba anajibu: mielmu miwili ya Holyrood na barua zenu

Safari iliyopita niliandika juu ya 'Wentworthii Pendula', aina ya bustani ya mwelmu (mti wa nchi za kaskazini, 'elm' kwa Kiingereza), yenye majani makubwa na matawi yanayoning'inia, iliyokuwa ikiuzwa na vitalu vya Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 19. Uingereza walikwisha kuihesabu kuwa imetoweka. Mwaka 2016 miti miwili ya aina hiyo ikatambuliwa Edinburgh, Uskoti, ndani ya bustani za kasri la Holyroodhouse. Barua zimemiminika, hasa kutoka kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani. Nimechagua zile zinazogusa mambo ambayo sichoki kuyasema. Walioniuliza habari za minazi wavute subira.

Shikamoo Bibi Shamba. Mti wa karibu mita 30 unapoteaje katikati ya mji, tena kwenye bustani ya mfalme yenye watunzaji wa kulipwa? (Msomaji, Leicester)

Marahaba. Miti ilikuwa palepale, na wageni wakipita chini yake kila siku. Kilichopotea ni jina.

Fuata kisa chenyewe. Mwaka 1902 Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Edinburgh ilipokea mielmu mitatu ya aina hiyo kutoka kitalu cha Späth cha Berlin, kitalu kilichoanzishwa mwaka 1720 na ambacho siku hizo kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Mmoja ukapandwa katika bustani hiyo, ukaishi mpaka mwaka 1996 ulipouawa na ugonjwa wa mielmu, ule wa kuvu uitwao wa Kiholanzi. Ile miwili iliyobaki daftari haliitaji tena. Hakuna mstari unaosema imetolewa, imekufa au imepelekwa wapi. Baadaye watu wa bustani hiyo walipokwenda kukagua miti ya kasri, mtaalamu wao Max Coleman akaitambua miwili ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Dhana iliyo karibu na akili ni kwamba hiyo ndiyo miwili ya mwaka 1902. Lakini itabaki dhana, kwa sababu mtu aliyeitoa kitaluni hakuandika maneno matatu: "miwili, kwenda Holyrood."

Nalisema hili kila mara na nitalisema tena. Aina ya bustani hufa mara mbili, na mara nyingi kifo cha karatasi ndicho hutangulia. Mti usio na jina hukatwa kupisha njia ya magari, na mkataji hajui alichokata. Wala usitegemee muuzaji akutunzie kumbukumbu. Berlin ilipita katika vita viwili vikuu, na Hellmut Späth mwenyewe, mrithi wa kitalu kile, aliuawa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1945. Anayepokea mche ndiye mwenye jukumu la kuandika.

Kuna sifa nyingine lazima niitoe. Edinburgh kwa miongo kadhaa imekuwa ikikagua mielmu yake na kuikata upesi ile iliyougua kabla haijaambukiza jirani. Bila kazi hiyo ya kuchosha, ambayo hakuna anayeipiga picha, pasingebaki kitu cha kugundua mwaka 2016.

Ugonjwa huu unaweza kuingia kwenye miembe yangu Muheza? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Ni ugonjwa wa mielmu. Tafadhali someni makala mpaka mwisho kabla ya kuniandikia, kwa maana hili lilikuwemo.

Je, mwelmu upo kwetu Afrika Mashariki? (Msomaji, Kampala)

Jenasi yenyewe, Ulmus, ni ya nchi za kaskazini, na kusini mwa Sahara haina mti wa asili hata mmoja. Jamaa zake wapo. Holoptelea grandis, mti mrefu wa misitu ya Uganda na Kongo, ni wa familia hiyohiyo ya Ulmaceae, na wewe uliyeko Kampala huna haja ya kwenda mbali kuuona. Mpesi wetu, Trema orientalis, nao uliwahi kuwekwa katika familia hiyo, kisha wataalamu wakauhamishia kwenye familia ya bangi. Kwa hiyo anayekuuzia mche wa mpesi akauita mwelmu, muulize amesoma vitabu vya mwaka gani.

Kwa nini wasikusanye mbegu za hiyo miti miwili, wakapanda elfu moja, shida ikaisha? (Msomaji, Toronto)

Kwa sababu mbegu hutoa mtoto, na mtoto ni mtu mwingine. Aina ya bustani ni mti mmoja tu uliokatwakatwa na kuendelezwa kwa mikono ya watu. Unachukua kikonyo, unakibebesha juu ya shina la mwelmu mwingine, na kinachokua juu ni mti uleule wa kwanza. Mwelmu wa Camperdown, ule mfupi wenye matawi yanayogusa ardhi, ulitokana na tawi moja la ajabu ambalo David Taylor, mkuu wa misitu wa shamba la Camperdown karibu na Dundee, aliliona likitambaa chini miaka ya 1830. Kila mwelmu wa Camperdown unaouona leo, iwe Uskoti au Marekani, ni kipande cha tawi lile.

Mkulima wa mhogo ananielewa hapa bila maelezo. Pingili ukizitoa shina moja, shamba zima ni shina hilohilo, na batobato ikilipata moja imeyapata yote.

Sasa utazame mwelmu wa Kiingereza, ule uliopamba michoro yote ya mashamba ya kusini mwa Uingereza. Hautoi mbegu za maana na huenea kwa machipukizi ya mizizi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba ni nakala za mti mmoja. Warumi waliutoa Italia wakaupitisha Hispania mpaka Uingereza, kwao ukiwa nguzo ya kupandishia mizabibu. Columella, mwandishi wa kilimo aliyezaliwa Cádiz, aliusifu kwa kazi hiyo. Miaka elfu mbili nchi ikajaa mti mmoja. Miaka ya 1960 kuvu kali iitwayo Ophiostoma novo-ulmi ikaingia Uingereza na magogo ya mwelmu kutoka Amerika Kaskazini. Zaidi ya mielmu milioni 25 ikafa nchini humo.

Kwa hiyo vikonyo vya Wentworth vibebeshwe, ndiyo, na vipelekwe bustani nyingi zilizo mbalimbali. Mbegu nazo zikipatikana zipandwe, ila mti utakaoota uandikiwe jina lake jipya. Watu wakianza kuuita mche wa mbegu 'Wentworthii Pendula' basi tumerudi gizani.

Nami nimeupata mwelmu uliopotea! Uko nyuma ya kituo cha mabasi. Naambatanisha picha ya jani. (Msomaji, London)

Barua kama hii nimepata nyingi, na karibu zote zina picha ya jani moja lililopigwa kiganjani. Jani moja halitoshi. Tena majani mengi mliyonitumia yametoka kwenye machipukizi ya chini ya shina, na hayo ndiyo ya kudanganya kuliko yote: ni makubwa kupita kiasi, yana umbo la ajabu, na hufanana kati ya aina na aina.

Ukitaka tukusikilize, fanya hivi. Subiri katikati ya majira ya joto. Chukua kijiti kifupi kutoka katikati ya mti, upande unaopata jua, chenye majani yake yote, kisha utazame majani yaliyo karibu na ncha ya kijiti. Angalia namna tako la jani lilivyopinda, upande mmoja ukianzia juu kuliko mwingine, na kingo zenye meno juu ya meno. Gusa uso wa jani ujue ni laini au unakwaruza. Mapema mwakani, kabla majani hayajatoka, rudi upige picha maua. Mbegu zikikomaa, okota kadhaa uone punje imekaa wapi ndani ya bawa lake, katikati au karibu na pengo la juu. Piga picha ya mti mzima ukiwa umevaa majani na ukiwa mtupu. Andika mahali na tarehe. Kausha kijiti kati ya magazeti, ukipeleke kwenye bustani ya mimea yenye hifadhi ya mimea mikavu, wakilinganishe na vielelezo vilivyokaushwa zamani wakati jina lilikuwa bado linajulikana.

Hata hivyo uwe tayari kuvunjika moyo. Mwaka 1964 Peter Green alichapisha katika jarida la Arnoldia orodha ndefu ya majina ya mielmu ya bustani. Ukiipitia unaona jinsi vitalu vya zamani vilivyokuwa vikiuza mti mmoja kwa majina mawili matatu, na miti miwili tofauti kwa jina moja. Baadhi ya aina "zilizopotea" huenda hazikuwahi kuwa aina peke yake. Nyingine ziko barabarani sasa hivi, zimevaa jina la jirani.

Lakini usiache kutafuta. Holyrood inatufundisha kutazama juu.

Nikienda Edinburgh naweza kukata kijitawi kidogo? Sitaonekana. (Msomaji, Glasgow)

Hapana. Huo ni wizi, na kisu chako kinaweza kupeleka ugonjwa.

Jirani amekata mwelmu uliokufa na kunipa magogo bure ya kuni. Niyapange nje mpaka baridi ianze? (Msomaji, karibu na Brighton)

Usiyaguse kabla hujasoma haya. Anayesambaza ugonjwa ni mbawakawa wadogo wa jenasi Scolytus. Jike hutoboa gome la mwelmu uliokufa karibuni au unaokufa, akataga humo. Watoto hukua chini ya gome, na kuvu ikiwamo, hutoka wamebeba mbegu zake mwilini. Kisha huruka hadi mwelmu mzima kula kwenye maungio ya vijiti vichanga, na hapo ndipo kuvu huingia kwenye mishipa ya maji. Mti katika kujitetea huziba mishipa yake yenyewe. Majani hunyauka na kuwa manjano wakati wa joto, ncha za vijiti hujikunja, na ukimenya kijiti unaona michirizi ya kahawia kwenye ubao.

Lundo lako la magogo yenye gome ni kitalu cha mbawakawa. Nawe uko mahali pabaya kabisa pa kulifanya hivyo. Brighton ina hazina ya mielmu ya taifa, maelfu kwa maelfu, ikikingwa na bahari upande mmoja na vilima vya South Downs upande wa pili, pamoja na ukali wa halmashauri. Hata kwa ulinzi huo mji ulipoteza mmoja wa wale pacha wawili wa Preston Park, mielmu ya Kiingereza inayokadiriwa kuwa na miaka 400. Uliougua ulikatwa mwaka 2019. Piga simu halmashauri leo. Watakuambia namna ya kuyaondoa. Gogo lenye gome lisivuke vilima vile, liwe la bure au la kununua.

Na jambo ambalo hukuuliza: kama mwelmu wa jirani ulisimama karibu na mwingine, mizizi yao huenda imeungana chini ya ardhi, na kuvu hupita humo bila kuhitaji mdudu. Waambie waukague na huo.

Kwa nini ugonjwa unaitwa wa Kiholanzi? Waholanzi ndio walioutengeneza? (Msomaji, Muscat)

Waholanzi ndio walioufumbua, na dunia ikawalipa kwa kuwabandika ugonjwa. Naona ni dhuluma, hasa ukijua waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake, wakati ambao mwanamke katika maabara alikuwa wa kushangaza. Johanna Westerdijk, profesa wa kwanza mwanamke Uholanzi tangu mwaka 1917, aliongoza maabara ya Baarn. Mwanafunzi wake Bea Schwarz alitoa kuvu hiyo kwenye miti iliyougua na kuieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakubwa wengi hawakumwamini. Wengine walisema ni ukame, wengine gesi za vita. Mwingine, Christine Buisman, akarudia majaribio mpaka pasiwe na ubishi, kisha akaanza kusaka mielmu inayostahimili. Alifariki mwaka 1936 akiwa bado kijana. Mti wa kwanza uliochaguliwa kwa ustahimilivu, uliotokana na mbegu za Madrid, ukapewa jina lake.

Nataka mjue na mwisho wake: 'Christine Buisman' ulistahimili kuvu ya mielmu lakini ukashambuliwa na kuvu nyingine ya matawi, kwa hiyo haukupandwa sana. Kazi ya namna hii haina ushindi wa siku moja. Waholanzi waliendelea kwa miongo mingi, na kwenye vizazi vya kazi yao ndiko ulikotoka 'Lutèce' uliotolewa Ufaransa mwaka 2002.

Kuna dawa? (Wasomaji wanne, miji mbalimbali)

Ya kinga, ndiyo. Ya kuponya mti ulioshikwa sana, msipoteze fedha. Marekani hupiga sindano za dawa ya kuvu kwenye shina. Uholanzi na Marekani kuna chanjo ya kuvu isiyodhuru, jamii ya Verticillium, inayouamsha mti ujikinge, nayo hurudiwa kila mwaka. Ni ghali, ni kazi ya fundi mwenye leseni, na inafaa kwa miti michache ya thamani. Anayebisha hodi mlangoni akiuza "dawa ya mielmu" kwa chupa, mfungie mlango.

Tuna kamati ya mtaa, tunataka kupanda mielmu barabara nzima kama ya zamani. Tuchague aina gani moja iliyo bora? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Neno "moja" ndilo linaloniumiza. Kwa mwelmu wa Marekani zipo 'Princeton', iliyochaguliwa kitaluni New Jersey mwaka 1922 kwa uzuri wa umbo lake na baadaye ikaonekana kustahimili, pamoja na 'Valley Forge' na 'New Harmony' zilizotolewa na idara ya kilimo ya nchi hiyo mwaka 1995. Pandeni zote tatu, na katikati yao muweke miti ya jamaa nyingine kabisa. Kustahimili si kinga kamili, na kila moja ya hizo ni nakala za mti mmoja.

Ninyi Ohio mngepaswa kuwa walimu wa somo hili. Mielmu ilipokufa, miji mingi ya Marekani ilijaza pengo kwa mti mmoja mwingine, mweshi ('ash' kwa Kiingereza), barabara kwa barabara. Mwaka 2002 mdudu wa kijani anayetoboa mieshi akagunduliwa karibu na Detroit, na mieshi nayo ikaanza kufa kwa mamilioni. Mnaopanda leo safu ndefu ya aina moja mnawaandalia wajukuu msumeno.

Bibi, kwa heshima, kwa nini Mswahili ajali mti wa mapambo wa matajiri wa Ulaya? (Msomaji, Minneapolis)

Swali la haki. Ni kweli 'Wentworthii Pendula' haikuwahi kuwa mti wa msituni. Ilichaguliwa kwa uzuri, na ikitoweka hakuna msitu utakaopungukiwa. Ila mti uliopita miaka zaidi ya mia, na ukasimama huku milioni za wenzake zikianguka, una jambo la kutuambia. Pengine ulikingwa na bahati na msumeno wa halmashauri. Mwenzake wa mwaka 1996 alikufa, na hilo linanifanya nisimwamini mwandishi yeyote wa gazeti anayeuita "sugu". Pengine una kitu ndani yake. Njia ya kujua ni kuubebesha, kuujaribu na kuandika matokeo. Ukishakuwa kuni huwezi kuujaribu.

Nawe unaishi Minneapolis, mji uliopoteza maelfu ya mielmu ya barabarani. Kivuli unachotembea chini yake au unachokikosa ni habari hii hii. Mti unaokupa kivuli ni wako, haijalishi nani aliupanda.

Kwenye bustani ya shule yetu tunabebesha miche. Lebo gani hudumu? (Mwalimu, Leicester)

Hatimaye! Mwalimu, barua yako nimeisoma kwa furaha kuliko zote.

Tumia kipande cha alumini laini, maandishi yachorwe kwa msumari au kalamu butu mpaka yazame. Wino hufifia juani, hata ule unaodai haufutiki, na plastiki hukatika baada ya baridi chache. Andika jina la aina, kikonyo kilikotoka, tarehe, na namba inayoanza na mwaka. Usifunge waya kuzunguka shina, kwa kuwa shina hunenepa na waya hulikaba. Ning'iniza lebo kwenye tawi la pembeni, kitanzi kiwe kipana, na kila mwaka mtu akilegeze.

Lebo peke yake huibiwa au huanguka. Kwa hiyo muwe na daftari lenye namba zilezile na ramani iliyochorwa kwa hatua kutoka kitu kisichohama, kama kona ya jengo. Mche ukitolewa, ukifa au ukihamishwa, andikeni siku hiyohiyo kabla jembe halijarudi stoo. Nakala ya pili ya daftari mkae nayo nje ya shule, kwa mtu mwingine.